Nyumba ya Mzee Hamisi

Nichekeni, nimejitakia. Nilikuwa nahama machimbo ya Makongolosi kwenda Mbeya mjini, na Mzee Hamisi alikubali kuniuzia nyumba yake. “Njoo Ijumaa na karatasi za mauziano za boma,” aliniambia. “Utanikuta ndani.”

Ijumaa nikakuta watu wamejaa mikekani, wananong'ona. Moshi wa ubani ulinikaba koo. Nikadhani ni wanunuzi wanataka kunizunguka. Basi nikapita katikati yao na mabuti yangu, nikapima vyumba kwa hatua, nagonga kuta kama fundi. Katika chumba cha ndani alikuwa amelala mtu, amefunikwa gubigubi.

“Huyu mpangaji anaondoka lini?” nikauliza kwa sauti.

Mama mmoja akaitazama miguu yangu.

“Huyo ndiye Mzee Hamisi, baba. Alituusia tusimzike mpaka ufike.”