Maharagwe Yasiyokula Makaa

Siku yangu ya kwanza katika kampuni ya mbegu pale Nateete, Meneja wa Mauzo alinipa kalamu mbili na rundo la hojaji, yaani karatasi za maswali. Nilikuwa nimeishia darasa la saba, lakini nilikulia kambi ya jeshi ya Mbuya, Kiswahili kikiwa lugha ya nyumbani, na mwandiko wangu ulisomeka.

"Mama, usimsaidie mkulima kujibu," alisema. "Andika alichosema, basi."

Tulikuwa na maharagwe ya aina mpya, yanayostahimili ukame: mvua ikikatika wakati wa maua, bado hubeba maganda. Bei yake ilikuwa mara mbili ya mbegu ya kawaida. Nilipita vijijini kando ya barabara ya Masaka nikiuliza kama watakubali kulipa. Karibu wote walikubali, wakanipa kiti na gonja, ile ndizi ya kuchoma. Meneja akajaza ghala.

Msimu ulipofika, hakuja mtu.

Hapo nikaliona kosa langu. Mgeni aliyeketi kwako na kalamu mkononi, huwezi kumwambia hapana. Walikuwa wananikirimu tu. Tena nilijua: wengine walisema ndiyo kabla sijamaliza kutaja bei. Sikuandika hilo, maana karatasi haikuwa na nafasi yake.

Nikaenda kumwambia Meneja. Akasema: "Kwa hiyo tumejaza ghala kwa adabu za watu."

"Ndiyo, ssebo. Na mimi ndiye niliyeziandika."

"Mbegu ikikaa, nguvu ya kuota inapungua. Bado hatujazipaka dawa, kwa hiyo zinalika. Nakupa wiki tatu. Zisiponunuliwa, nauza zote kama chakula, na aina hii tunaiacha."

Nyumbani nilimweleza mume wangu, Opio, aliyekuwa mpishi wa jeshi hadi alipostaafu.

"Uliwauliza habari za jua," alisema. "Sufuria je?"

"Sufuria inaingiaje kwenye ukame?"

"Mama wa watu anataka kitu cha kupika, wewe unamuuzia hali ya hewa."

Kesho yake tulirudi kijiji cha kwanza na sigiri mbili, sufuria mbili na makaa ya kipimo kimoja. Katika moja Opio aliweka maharagwe ya wanakijiji, katika nyingine yetu. Wanawake walimzunguka, naye akawaambia alikuwa mpishi wa jeshi.

"Afande, maharagwe ya jeshi si yanavunja meno?"

"Yanavunja ya wasio na subira. Kaa hapo, mama."

Yetu yaliiva wakati yao bado yanagonga sufuria. Waliyaminya kwa vidole, wakaonja, wakarudia. Opio alisema mara moja tu: "Haya yanavumilia jua, na hayali makaa." Mimi safari hii sikuuliza lolote. Nilifungua gunia, nikataja bei ileile.

Aliyetangulia alikuwa bibi mmoja ambaye jina lake lilikuwa kwenye karatasi zangu. Alifungua fundo la kitambaa chake, akatoa noti.

"Ile siku nilikudanganya, mwanangu," alisema. "Leo nipe vikombe vinne."

Gunia liliisha kabla ya adhuhuri. Tukarudia hivyo kijiji kwa kijiji, ghala likawa tupu wiki ya tatu haijaisha, na Meneja mwenyewe alilifagia huku akipiga mluzi. Alinifanya Msimamizi wa Majaribio, na kanuni yetu ikawa hii: usiandike ndiyo mpaka uone mkono umeingia kwenye fundo. Niliwafundisha hivyo wote walionifuata, mpaka nilipostaafu.

Opio hakuniona nikistaafu. Siku ya mazishi yake majirani walipika maharagwe hayohayo, wala hakuna aliyewaagiza.

Mwezi uliopita nilisimama sokoni Nateete mbele ya muuzaji mgeni kwangu, Mkongomani, mwenye marundo mawili. Nikauliza kwa nini rundo moja ni ghali.

"Mama, haya yanavumilia jua," alisema, "na hayali makaa."

Nilimuuliza amesikia wapi maneno hayo. Akasema ndivyo yanavyoitwa.

Nililipa bei aliyotaja, bila kuomba apunguze.