Shavu la Kulia, Shavu la Kushoto

Siku ya mwaka mpya, katika ukumbi wa mtaa, Wobbe alimbusu Sietske shavuni kwa salamu ya desturi, na Sietske akaruka nyuma kama aliyeguswa na pasi ya moto.

"Wobbe, jamani! Unakwaruza!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mtu mwingine angecheka nao, yakaisha. Wobbe hakuweza. Kwanza, alikuwa amefanya kazi tangu ujana hadi kustaafu katika kiwanda cha mashine za kunyolea ndevu pale Drachten, kaskazini mwa Uholanzi, na mtu wa kiwanda kile kuambiwa anakwaruza ni sawa na mwokaji kuambiwa mkate wake mbichi. Pili, na hili ndilo lililomnyima raha, alimpenda Sietske. Tuseme tu waziwazi, maana mtaa wote ulijua, isipokuwa pengine wao wawili. Wobbe alifiwa na mkewe, Trijn, na Sietske alifiwa na mumewe, Durk. Trijn na Sietske walikuwa marafiki wakubwa tangu usichana. Na tangu siku ile ya mwaka mpya, Sietske kila alipokutana na Wobbe alimpa mkono. Mkono mtupu, kama anayeagana na afisa wa kodi.

Enzi za Trijn mambo hayakuwa hivi. Kila asubuhi, kabla kahawa haijamiminwa, alipitisha kiganja usoni mwa mumewe na kusema, "Chini ya taya, bwana," naye Wobbe akarudi bafuni bila ubishi. Tangu Trijn aondoke hakuna mkono uliougusa uso ule. Wobbe aliukosa mkono huo kuliko alivyowahi kumwambia mtu. Alipoifungua mashine yake jioni ya aibu ile, akakumbuka kwamba visu havijabadilishwa tangu mazishi. Yeye, Wobbe, aliyekuwa akiwasema watu kwa kosa hilohilo!

Basi akabadilisha visu. Mambo yangeishia hapo kama si tabia yake moja, ya kutoweza kuliacha swali likalala. Durk, marehemu mume wa Sietske, alikuwa dereva wa lori la kwenda Ujerumani, na maisha yake yote alinyolea mashine ya kule, ile ya wavu. Mashine ya Drachten ina vichwa vitatu vya duara vinavyozunguka. Ile ya wavu ina visu vinavyokimbia kwenda na kurudi chini ya bati jembamba lenye matundu. Kiwandani waliicheka, wakaiita kikwaruzio cha jibini. Lakini je, kama shavu la Sietske lilizoea wavu? Kama miaka yote ile waliyokuwa wakicheka, Wajerumani ndio waliokuwa sahihi? Wobbe alijigeuzageuza kitandani na wazo hilo hadi likamchosha.

Kununua mashine ya wavu mjini Drachten hakukuwezekana. Angeonwa. Akapanda basi hadi mji wa jirani, Leeuwarden, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi, akaingia duka kubwa na kuuliza kwa sauti ya chini.

"Una mwezi mmoja wa kuijaribu," alisema binti muuzaji. "Usipoipenda unairudisha, unapewa hela yako yote. Baba anatoka Drachten, eti?"

"Umejuaje?"

"Wa Drachten wote huja kuzinunua hapa," alisema binti, akaifunga mashine kwenye mfuko usio na maandishi bila kuombwa.

Siku za mwanzo zilikuwa balaa. Uso ulimwasha, shingo ikatoka vipele, akawa mwekundu kama bitiruti iliyochemshwa. Wobbe akakaribia kuamini kwamba kiwanda kilikuwa na haki ya kucheka. Kisha asubuhi moja akajitazama vizuri kwenye kioo, akauona mkono wake. Ulikuwa ukizunguka! Miaka yote hiyo umefundishwa kuchora duara usoni, nao ulikuwa ukiichorea duara mashine inayotaka kwenda moja kwa moja. Alicheka peke yake bafuni. Akaivuta ngozi kwa vidole, akapitisha mashine kwa mstari ulionyooka, taratibu, kuelekea kule ndevu zinakotokea, na shavu likawa laini hata akashangaa. Ila shingoni, ambako ndevu zake zimelala ovyo kila upande, mashine yake ya duara ilizikamata zile ambazo wavu uliziruka.

Ipi bora, basi? Hakujua. Na hakuruhusiwa kujua, maana kiwandani sheria ya kupima mashine ilikuwa moja. Mtu alikuja asubuhi na ndevu zake, akanyoa nusu ya uso kwa mashine hii na nusu kwa ile, na mwenye uso hakuulizwa chochote. Mwenye uso hupendelea. Aliyehukumu ni kiganja cha mtu mwingine, na mwenye kiganja alifumba macho.

Wobbe akampelekea mashavu yake Harke, kaka yake Sietske, mwenzake wa kiwandani na wa kucheza karata.

"Fumba macho unishike uso," alimwambia kwenye meza ya karata.

Harke akaweka karata zake chini. "Nikushike nini?"

"Uso. Upande huu, halafu huu. Uniambie upi laini."

"Bwana we, umelewa au umeanza kuzeeka vibaya? Nikupapase mashavu mimi, watu wakitutazama?"

"Ni kwa ajili ya sayansi, Harke."

"Sayansi!" Harke alicheka hadi akakohoa. "Hiyo sayansi naijua jina lake, anakaa nyumba ya tatu kutoka kanisani. Wiki ijayo ni siku yake ya kuzaliwa, shemeji. Mpelekee mwenyewe."

"Usiniite shemeji."

"Haya, shemeji."

Siku ile ya kuzaliwa, Wobbe alirusha sarafu bafuni ili asipendelee. Shavu la kulia likaangukia duara, la kushoto likaangukia wavu. Akanyoa kama mtu anayeandaa ushahidi wa mahakamani, akavaa shati jeupe, akaenda. Kama Sietske angetoa mkono tena mbele ya watu, Wobbe alikwisha kata shauri kwamba hatajaribu tena kamwe. Angerudi kwake akae na kioo chake.

Sebuleni viti vilikuwa vimepangwa duara, watu wameshika vikombe, keki ya maganda ya machungwa imekatwa. Wobbe alianza kuzunguka kwa pongezi, maana kule, siku ya kuzaliwa, hukai kabla hujampongeza kila mmoja kwa ajili ya mwenye siku. Hongera kwa mama yako, hongera kwa jirani yako, hongera kwa dada yako, Harke. Akafika kwa Sietske.

Sietske aliinuka kitini, mkono tayari umenyooshwa mbele.

Wobbe akautazama mkono ule. Hakuuchukua wala hakuondoka. Akabaki amesimama tu, amejaa haya, uso wake umesafishwa kwa mashine mbili.

Sietske alimtazama hivyo. Kisha akaushusha mkono.

"Haya, njoo," alisema. "Ni siku yangu ya kuzaliwa, nitavumilia."

Kulia. Kushoto. Kulia tena, busu tatu, kama ilivyo desturi kwa watu wote. Sietske hakuruka nyuma. Wobbe alipumua, akageuka kutafuta kiti, na hapo ndipo Harke aliposhindwa kufunga mdomo.

"Dada! Hebu sema, lipi lilikuwa laini? Mwenzio leo ana mashavu mawili tofauti!"

Vijiko vikanyamaza kwenye vikombe. Wobbe alitamani zulia limmeze. Ikabidi aeleze, na alieleza yote, akiwa amesimama katikati ya duara ile ya viti: visu vikuukuu, basi la Leeuwarden, wavu kama wa Durk, mkono uliozunguka, sarafu. Alipofika kwenye safari ya Leeuwarden, wazee wawili waliokuwa wafanyakazi wa kiwanda walianza kutazama viatu vyao.

"Ulifanya yote hayo," alisema Sietske polepole, "kwa sababu nilisema unakwaruza?"

"Ndiyo," alisema Wobbe.

Sietske hakucheka. Maisha yake ya kazi aliyapitisha katika maabara ya kiwanda cha maziwa, akipima maziwa ya wakulima, na wakulima walimwogopa kwa sababu hakuna aliyewahi kumhonga hata kwa kipande cha jibini. Akagusa shavu lake mwenyewe, akafikiri.

"Siwezi kuhukumu," alisema.

"Kwa nini huwezi?" aliuliza Harke.

"La kulia nimelipata mara mbili, la kushoto mara moja. Kipimo gani hicho? Kule maabara ningefukuzwa kazi." Akamgeukia Wobbe, na mashavu yake yeye ndiyo yaliyokuwa mekundu sasa. "Lete la kushoto."

Hakuna aliyekuwa amewahi kuona busu la nne katika sebule ile. Mama mmoja aliacha kutafuna. Wobbe aliinama, akaleta la kushoto, na Sietske akafumba macho kama sheria inavyotaka, akaliacha shavu lake pale kwa muda mrefu kuliko sayansi ilivyohitaji. Halafu akainua kiganja, akakipitisha taratibu chini ya taya ya Wobbe, palepale ambapo Trijn alikuwa akipitisha chake.

Macho ya Wobbe yakalowa, naye hakuyapangusa.

"Enhe?" alisema Harke. "Lipi?"

"Bado sijui," alisema Sietske. "Kesho uje unywe kahawa, Wobbe. Tutapima tena. Na ubadilishe pande."

Akaja kesho yake, pande amebadilisha. Akaja na keshokutwa. Siku ya mwisho ya kuirudisha mashine ya wavu Leeuwarden ilifika, Wobbe akiwa mezani kwa Sietske, akamuuliza kwa heshima zote kama hukumu iko tayari.

Sietske alimsogezea sahani ya mkate wa sukari, akampapasa shavu la kulia, kisha la kushoto, kisha la kulia.

"Usiirudishe," alisema. "Hili jambo linataka miaka."