Kibao cha Duka Lililohamwa

Mjukuu wangu anafanya kazi za kompyuta Dar es Salaam. Siku moja alinieleza kazi yake, nikacheka mpaka akanuna. Anasema kila kompyuta ina kiini, programu kuu inayozisimamia nyingine zote, na yeye hukichungulia kiini hicho kikiwa kazini: nani ameita, ameita lini, ameitikiwa au ameachwa anasubiri. Haruhusiwi kukisimamisha. Balaa yake, anasema, ukichungulia sana, kule kuchungulia kwenyewe kunailemea mashine, na kile unachokitafuta kinaweza kupotea. Nikamwambia hayo nimeyafanya Singida kabla mama yake hajazaliwa. Akadhani namtania. Sikumweleza zaidi, kwa sababu habari yenyewe huniharibia siku nzima.

Nilikuwa opereta wa simu mjini Singida, miaka ile ya mwanzo ya vijiji vya ujamaa. Mbele yetu palikuwa na ubao wenye vibao vidogo vya chuma, kila laini na chake. Mtu wa upande wa pili akizungusha mpini wa simu yake, kibao chake kinaanguka, ta! Unachomeka plagi, unasema, "Singida, naomba namba." Akimaliza anazungusha tena, kibao cha kumaliza kinaanguka, unachomoa. Kwa vibao vile nilijua duka gani limeishiwa sukari, na bwana gani anampigia nani Kiomboi kila mke wake akisafiri. Mdomo niliufunga, maana kazi ilikuwa ya siri na mimi nilikuwa na kiburi nayo.

Baba hakuipenda tangu siku ya kwanza. Alikuwa mfugaji, Mnyiramba wa kwelikweli, na kwake binti huitikia anapoitwa na watu wake. Mimi nilikuwa nalipwa kuitikia wanaume nisiowaona. "Baki na hao unaowaitikia," aliniambia. Na mimi, mtoto wa nyoka ni nyoka, nikabaki nao. Misimu ya mtama ikapita hatujaonana.

Kisha likaja agizo la kuhamia vijijini. Kwa wengine lilikuja na lori na ngoma. Kwa watu wa kwetu, kandokando ya barabara ya Shelui, lilikuja na mgambo walioezua nyumba ili mtu asipate pa kurudi. Nilipopewa ruhusa nikaenda kijiji kipya, nikamkuta kaka yangu anasimamisha nguzo na mkewe anapika juani. Baba hakuwepo.

"Aliondoka na ng'ombe kabla hatujahamishwa," kaka alisema. "Tumemtafuta mpaka mbuga ya Wembere. Usiulize kwa sauti, dada, watamfuata."

Sikujua nimlilie au nimsubiri. Nikarudi mjini, nikavaa vifaa vyangu vya masikioni, nikaendelea kuwaitikia watu.

Kule kwetu palikuwa na duka la Mhindi mmoja aliyenunua ngozi na samli. Alikuwa amevutiwa waya wake mwenyewe kutoka nguzo za barabarani. Watu walipohamishwa alifunga, akahamia mjini, simu ikabaki ukutani. Hakuna aliyekumbuka kukiondoa kibao chake kwenye ubao wetu. Alasiri moja ya kiangazi kikaanguka.

Nilichomeka. "Singida, naomba namba." Niliusikia mvumo wa waya mrefu, basi. Nikarudia, nikangoja, nikachomoa. Kesho yake, jua lilipoanza kuegemea, kikaanguka tena.

Mwenzangu wa zamu, kijana wa Mandewa mwenye maneno mengi, alicheka. "Dada, makaburi yameachwa kule bila mtu. Sasa wenyewe wameamua kupiga simu." Alicheka peke yake, na siku iliyofuata alikisogeza kiti chake mbali na upande ule.

Mkuu wa kituo hakutaka habari za mizimu. Alikuwa mtu wa Tanga, mstaarabu, mwoga wa lawama za wakubwa. Alisema ni hitilafu: labda ng'ombe wanajikuna kwenye nguzo, labda nyaya zimegusana. Akaniagiza niifuatilie. Kinaanguka wakati gani, hali ya hewa ikoje, laini ipi nyingine iko kazini. Nisikate wala nisibadili kitu, nitazame tu.

Nikatazama. Siku za upepo mkali hakikuanguka. Siku za utulivu kilianguka, na daima saa ile ambayo ng'ombe wametoka kunywa maji. Lakini kilichonitoa jasho ni jambo jingine. Mwenzangu akiitikia, kibao cha kumaliza kilianguka papo hapo. Nikiitikia mimi, laini ilibaki wazi mpaka nichoke mwenyewe. Ng'ombe anayejikuna hachagui sauti. Nilianza kuogopa kuja kazini, na siku nisipokuja niliogopa zaidi.

Nikamwendea fundi wa laini, nikamuuliza kwa kuzungukazunguka. Akaniambia simu zile za ukutani zina betri zake ndani. Betri zikifa, mpini bado unaita, maana mpini unatoa umeme wake wenyewe. Sikio nalo bado linasikia. Kinachokufa ni mdomo. Mtu aliyeko kule atakusikia vizuri kabisa, nawe hutamsikia hata akipiga kelele.

Alasiri iliyofuata nilingoja mwenzangu atoke kwenda kunywa chai. Kibao kikaanguka. Sikusema Singida. Nilisema kwa Kinyiramba, lugha tuliyokatazwa kazini, "Kama unanisikia, zungusha mara moja."

Kibao cha kumaliza kikaanguka. Nikakiinua.

"Ni wewe, baba?"

Kikaanguka.

"Unaumwa?" Kimya. "Unakula?" Kikaanguka. "Nije?" Kimya, nikangoja sana. "Nisije?" Kikaanguka kabla sijalimaliza neno.

Nililia na kucheka kwa pamoja, nikajifuta kwa upindo wa khanga. Baba yangu alikuwa hai, na bado alikuwa ananikataza.

Basi tukawa hivyo. Kila mwenzangu alipotoka nilimpa habari: kaka ameezeka, shemeji ni mjamzito, bei ya samli imepanda. Yule aliyenizuia kuitikia wanaume alikuwa anatoka porini, anapita kwenye nyumba zisizo na paa, anaingia duka tupu, ili anisikie nikiitikia. Ulimi uliniwasha kumkejeli. Sikumkejeli.

Lakini mpini si baba. Nilitaka sauti yake. Nikamrudia fundi, naye akaniambia ipo njia ya mafundi wakikwama porini: unageuza mkono wa simu, unasemea kule unakosikilizia. Sauti inatoka, hafifu sana, na inafika tu kama laini imetulia na hakuna mwingine aliyejiunga nayo. Nilipanga kumwambia baba wiki ile ile.

Mkuu akaniwahi. Asubuhi alinieleza kwamba amechoka na hitilafu isiyo na jibu. Kesho mafundi watakwenda na mgambo kuukata ule waya, upelekwe ofisi ya kijiji kipya. Leo yeye mwenyewe ataisikiliza laini, apate neno la kuwaambia wakubwa. Mezani kwake alikuwa na kifaa cha kusikilizia ubao wetu, na wateja wote walikijua bila kukiona. Alipokichomeka tu, sauti ilipungua nusu, maana umeme ule ule mdogo sasa ulilisha masikio mawili. Watu wa Kiomboi walikuwa wakipiga kelele, "Ongeza sauti, dada!" nami najua bwana mkubwa yumo.

Mchana aliitwa benki. Niliomba Mungu foleni iwe ndefu. Mwenzangu nilimtuma mihuri tusiyoihitaji. Kibao kikaanguka.

Nilisema haraka. "Baba, kesho waya unakatwa, mgambo watakuja. Usikutwe hapo. Lakini leo sema nami. Geuza mkono wa simu, semea pale unapowekea sikio. Ukimaliza, urudishe sikioni unisikie."

Nikasikia mkwaruzo, kisha pumzi. Kisha jina langu la utotoni, lile la nyumbani tu, likaja kutoka mbali kama mtu anayesemea ndani ya mtungi. Akaanza kusema.

Nyuma yangu mlango ulifunguka. Mkuu alikiona kibao kimeanguka, akakaa mezani kwake bila hata kuvua kofia, akachomeka. Sauti ya baba ikazama. Niligeuka, nikampungia mkono achomoe. Naye kwa upole wake wote akaniinulia kidole, kwamba nitulie, anasikiliza.

Chini kule baba aliendelea. Maneno yalikuwa yamekwisha kupotea, lakini mwendo wake niliujua. Ndivyo alivyosema alipogawa ng'ombe au alipomuaga mtu wa safari: taratibu, akipumzika mahali pake, neno la kusemwa mara moja. Sikupata hata moja. Kisha kukawa kimya, na nilijua ameurudisha mkono wa simu sikioni. Alikuwa ananingoja.

Ningeweza kusema, sikusikia, rudia. Lakini mkuu alikuwa kwenye laini, na mgambo walikuwa kesho. Tena kwetu mzee akikukabidhi neno, huliachi hewani. Mdomo wangu ulisema wenyewe, kwa Kinyiramba, "Ndiyo, baba."

Kibao cha kumaliza kikaanguka.

Mkuu akavua kofia. "Umesikia nini?" nikamuuliza mimi, badala ya yeye kuniuliza.

"Mngurumo tu. Na wewe ulikuwa unaitikia nini?"

"Mazoea," nikasema.

Waya ulikatwa. Fundi alisema hawakumkuta mtu, ila samadi mbichi nyuma ya duka. Kaka alimtafuta miaka mingi, Wembere mpaka ng'ambo ya Shelui, akafa hajapata hata mtu wa kusema nimemzika.

Mimi nimeolewa, nimezaa, nimestaafu. Penye kila uamuzi nimejiuliza kama hili ndilo nililomkubalia, au ndilo nililomkubalia kuliacha. Labda alisema niiache kazi, nami niliifanya mpaka ubao wenyewe ukaondolewa. Labda alisema nimwangalie kaka. Hayo naweza kuishi nayo. Linaloniamsha ni moja. Labda mzee alikuwa amebadili nia, akaniambia mahali tutakapoonana, akasikia ndiyo yangu, akaenda kuningoja.