Wifi Hapimi Gari Linaloning'inia

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ana gereji ya mabati nyuma ya mashine ya kusaga unga. Kazi yake ni kunyanyua magari yanayokwenda kwenye mawe na mito. Mafundi wenzake wanamwita Bi Nusu, kwa sababu hata kitu kikikaa sawasawa, atakitazama, atainamisha shingo, kisha atasema, "Bado nusu." Hata chai yangu imewahi kupungukiwa nusu.

Mimi magari siyapendi. Mtu akichelewa kurudi nyumbani, moyoni nimeshamlaza hospitali. Kwa hiyo kijana wangu wa pili alipopata kazi ya kuendesha gari la zahanati, la kupeleka dawa vijiji vya mlimani, nilishukuru kwa mdomo tu. Dereva aliyemtangulia aliacha mwenyewe. Alisema likiteremka linatangatanga kama mlevi; ukilivuta huku, lenyewe linakwenda kule. Mwanangu alitakiwa kuanza Jumatatu.

"Usiwe na wasiwasi, mama," aliniambia. "Shangazi anabadilisha mikono."

Nilidhani ananitania. Kumbe mkono ni kile chuma kinachoishika ekseli ya mbele isihame, mwisho mmoja kwenye ekseli, mwingine kwenye chesisi. Gari hilo liliwekewa springi ndefu likapanda juu, lakini mikono ikabaki ya zamani. Ikaelekea chini, ikavuta magurudumu nyuma, na ule mlalo mdogo unaofanya usukani urudi wenyewe ukapotea. Dawa yake ni kurefusha mkono huo kidogo. Sasa hicho kidogo ndicho kazi. Ukizidisha, tairi linagusa bampa na propela ya mbele, ule mhimili unaopeleka nguvu ya injini kwenye ekseli, inatetemeka.

Jumamosi asubuhi nilipeleka chakula gereji. Nilimkuta mwanangu amemtangulia shangazi yake. Gari liko juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, naye ameshapima na kufunga mikono ya kujaribia, ile yenye skrubu ya kurefusha na kufupisha. Uso ulikuwa unang'aa. Bosi wa zahanati alitaka mikono mirefu kama ya gari la rafiki yake, na kipimo kilikuwa kimetoa mirefu.

Wifi aliingia, akatundika mkoba, akachungulia mara moja.

"Baba, nani alikufundisha kumpima mtu suruali akiwa ananing'inia mtini?"

"Nimepima mara mbili, shangazi."

"Hata ungepima mpaka jioni. Litakwenda mlimani likiwa limening'inia? Shusha."

Liliposhuka likakalia magurudumu yake, akamwambia azungushe usukani mpaka mwisho. Tairi likakwaruza bampa. Mlio ule niliusikia kwenye meno.

"Na hapa limesimama tu," wifi alisema.

"Lakini bosi alisema mirefu."

"Bosi ana gari, hana kipimo. Ukifika kwenye korongo utampigia simu aje akushikie usukani?"

Mwanangu akarudisha usukani katikati. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshafika kwenye korongo.

Wifi akaagiza gari lipakiwe kama litakavyosafiri. Tangi lijazwe, tairi la akiba lirudishwe, mifuko ya mchanga ikae mahali pa maboksi ya dawa. Mwanangu akakaa kwenye kiti cha dereva. Kisha wifi akanigeukia.

"Nyuma anakaa nesi, naye hayupo. Panda, wifi."

"Mimi?"

"Nahitaji mzigo. Leo huo mwili umepata kazi."

"Matusi hayo."

"Ningemwita mtu mwembamba, ungesema nimekubagua. Panda."

Nikapanda. Wifi akazuia magurudumu kwa magogo, akaingia chini. Nilikaa kama mtu aliyebeba mayai, maana niliona nikikohoa tu nitamponda.

"Pumua, wifi," sauti ikatoka chini. "Nimeomba mzigo, sikuomba maiti."

Akawa anafungua mwisho wa mkono, anauzungusha, anaurudishia bolti, anapima mlalo wa ekseli. Skrubu ile haikubali chini ya nusu mzunguko, la sivyo tundu la bolti halikai sawa. Ndipo nilipojua jina la Bi Nusu si la mzaha peke yake.

"Hapo usukani utarudi vizuri, shangazi," mwanangu alisema alipoambiwa kipimo. "Acha hapo hapo."

"Usukani unapataka, propela haipataki. Huwezi kumpa mtoto mmoja nyama yote." Akapima tena. "Bado nusu."

Akafupisha nusu upande huu, nusu upande ule, akakaza nati. Safari hii usukani ulizungushwa mpaka mwisho pande zote mbili, na tairi halikugusa kitu.

Tukaenda kujaribu kwenye mteremko wa machimbo ya kokoto, mwanangu akiendesha, wifi kando yake, mimi na mifuko yangu nyuma, kwa kuwa hakuna aliyeniambia nishuke. Tulipotoka kwenye kona wifi akasema, "Achia."

"Asiachie!" nilisema.

Mwanangu akaachia. Niliitazama mikono yake miwili hewani, halafu nikautazama usukani. Ulizunguka wenyewe, taratibu, ukanyooka, na gari likanyooka nao.

"Tena," wifi akasema, na mwanangu akarudia kona ile mpaka akachoka kucheka.

Jioni ile wifi akahamishia urefu huo kwenye vyuma vizima visivyo na skrubu, akavichomelea na kuvifunga. Bosi alipokuja aliona mikono ni mifupi kuliko ya rafiki yake, akanung'unika. Wifi akampa funguo, akamwambia ateremke na gari machimboni. Aliporudi alikuwa anaongea habari ya rangi ya gari.

Jumatatu mwanangu aliondoka asubuhi. Sikula vizuri, sidanganyi. Aliporudi alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope. Akanisimulia foleni ya akina mama, mbuzi aliyelala barabarani, nesi anayeimba njia nzima bila kujua wimbo. Nilingoja aseme habari ya usukani. Hakusema. Alikuwa ameusahau, nami nikamwekea chakula.