Kamati Ilitaka Weupe

Mpaka leo nikiambiwa "dada, ongeza mwanga, tutoke weupe," damu inanichemka. Kwani nani kasema weusi ni kasoro ya kamera? Studio za Kariakoo zimewazoesha watu vibaya: harusi isipopaushwa sura, eti haijapigwa video. Mtu awe wa Newala, awe wa Rombo, kwenye video lazima atoke kama kapakwa unga. Ujinga mtupu!

Siku moja nilikuwa narusha droni kwenye msafara wa harusi pale Mchikichini. Bi harusi alinipa ombi moja tu. "Dada, mengine yote kosea. Bibi yangu umchukue vizuri akicheza, na chale zake zionekane." Bibi mwenyewe alikuwa ametoka kusini kwa basi, uso wake una chale za kizamani kuanzia kwenye paji hadi mashavuni. Katika ukoo wao wote amebaki yeye tu mwenye nazo.

Nikajipanga. Jua la saa sita hapa Bongo halina masihara. Nikaivalisha lenzi filta nyeusi, namba thelathini na mbili, ambayo kazi yake ni ile ya miwani ya jua: inapunguza mwanga ili shata, kile kipazia kinachofunguka kupitisha mwanga, niiache polepole, moja ya hamsini ya sekunde, watu wakicheza mwendo uwe laini, wasirukeruke kama kuku. ISO, yaani kiwango cha kamera kuhisi mwanga, nikaweka chini, mia moja. Nilipojaribu, uso wa bi harusi ulitoka na rangi yake mwenyewe, na shela lake jeupe likaonekana kila ua. Nikasema hapa nimefika.

Ndipo mwenyekiti wa kamati ya harusi, baba mmoja wa suti, akaja kuchungulia skrini yangu. "We dada, mbona giza? Kamati nzima imehangaika miezi, tuje kuona mkaa?"

Mkaa! Bi harusi alikuwa hatua tatu kutoka pale. Alisikia, akainamisha uso. Nilitakiwa nimpe yule baba vidonge vyake palepale. Badala yake nikamweleza kwa adabu kwamba picha ikishaungua kwa mwanga hairudi. Akanikatiza. "Usinifundishe. Tia mwanga."

Na mimi, mjinga mimi, nikatia. Nilishusha droni, nikatoa ile filta, nikaweka nyepesi, namba nane, na shata sikuigusa. Mwanga ukaingia mara nne ya ule wa kwanza. Kwenye skrini ile mistari ya kuonya kwamba mwanga umezidi ikajaa kila mahali, nikaiona kwa macho yangu mawili. Mwenyekiti akapiga makofi. "Eeh, sasa hapo!" Matarumbeta yakalia, bibi akaingia kati, akatikisa mabega, akainua uso kuitazama droni huku anacheka. Alicheza mara hiyo moja tu. Miguu ikamkataa, akasaidiwa kukaa.

Wiki iliyofuata bi harusi alimleta bibi yake ofisini kwangu Mchafukoge, aione video kabla hajapanda basi la kurudi. Nilikuwa nimehangaika na kompyuta siku nne nzima, lakini kilichoungua kimeungua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Nikawasha. Kilemba chake cheupe kilikuwa kimeshikana na barabara iliyoungua nayo kwa mwanga, huoni kimeishia wapi. Uso ulikuwa umepauka, laini, hauna alama hata moja.

"Huyu nani?" akauliza.

"Ni wewe, bibi," bi harusi akamjibu, machozi yanamlengalenga.

Bibi akapitisha vidole mashavuni mwake, shavu moja kisha la pili, anahakikisha. "Hizi nilichanjwa nikiwa mwari. Nililia siku tatu. Nani kazifuta?"

Bi harusi hakunitazama. Jina la mwenyekiti lilinifika kwenye ulimi, nikalimeza.

"Mimi, bibi," nikasema.