Waliomba Nani Kabla ya Kanisa?

Mimi ni katekista hapa Ruring'u. Siku moja msichana wa darasa la ubatizo aliniuliza, "Mwalimu, kabla ya wamisionari, watu wa hapa walikuwa wanaomba nani?"

Nilimjibu kwamba waliishi gizani, hawakumjua Mungu.

"Na mvua je? Ati walikuwa wanangoja tu?"

Wenzake walicheka. Nikamwambia aache ubishi.

Nilijua nimesema uongo. Babu yangu, au guka kwa lugha yetu, ambaye hakubatizwa, alisimama uani kila alfajiri akiutazama mlima ambako wazee waliamini anakaa Ngai, yaani Mungu, akainua mikono na kumwomba mvua, amani na uzima wetu wajukuu. Kisha alinitemea mate kidogo kifuani, maana ndivyo wazee walivyobariki, akanituma shule ya misheni. Imani ninayomshukuru Mungu kwayo niliipata kwa sababu yeye aliniruhusu niende.

Jumapili iliyofuata niliwasimulia wanafunzi hayo yote, nikawaomba msamaha.

"Kwa hivyo guka wako yuko mbinguni?" msichana akauliza.

Nilimwambia sijui. Nikakiri pia kwamba miaka hii yote, nikiwaombea marehemu wa kila nyumba, babu yangu sijawahi kumtaja.