Kimya cha Baba Octavian

Kwa miaka mingi Evodia alilala kando ya mkoromo wa mumewe, Thobias, karani aliyepunguzwa kazini shirika lao lilipobinafsishwa. Mkoromo ulikuwa ukikatika ghafla, kana kwamba mtu kamkaba. Hapo Evodia naye alibana pumzi, asiiachie mpaka mzee akorome tena.

Octavian, mtoto wao, alipoleta kutoka India mashine ya kumsaidia baba yake kupumua usingizini, daktari alisema mzee aizoee mchana kwanza. Basi Jumamosi, baada ya ugali, Evodia akamfunga kifuniko puani, akakaza mikanda, akaketi kitandani. Upepo ukanong'ona ndani ya mpira wa mashine. Thobias akasinzia, asikorome kabisa. Chini ya blanketi hakikutikisika kitu, na uso ule wenye mpira haukuwa wa mtu aliyemjua.

Jirani yao, Debora, akaita kutoka uani kwake, katika mtaa wao wa Nkuhungu uliotulia. "Mama Octavian, kwema? Mbona mzee kimya hivyo?"

Evodia akasogeza sikio karibu na kifuniko. Alikuwa akiusubiri mkoromo. Aliusubiri mpaka masikio yakavuma na chumba kikaanza kuzunguka.

Mkono ukamshika. Thobias alikuwa amefumbua macho, kifuniko amekivua.

"Mama Octavian," alisema, "pumua."